Sauti Aliyoichukua Karani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na msiniharakishe. Mie shule sikwenda. Nilisoma chuo cha Kurani utotoni, na ukubwani nikaingia kisomo cha ngumbaru, nikajifunza kuandika mkono ukiwa umeshakakamaa kwa jembe. Mkikuta herufi imelala, isimamisheni wenyewe mwende mbele.

Nasikia mnampenda sana Karani. Mwalimu wenu mmoja alipita hapa Kibiti akaniuliza, bibi, ni kweli ulimjua yule mzee aliyeandika hadithi za delta? Nikamwambia nilimpikia. Akacheka, akadhani nafanya utani. Sifanyi utani. Anayempikia mtu mwaka hadi mwaka anamjua kuliko anayemsoma, kwa sababu mtu haandiki anavyokula.

Alizaliwa wapi na baba yake nani sitawaambia. Hayo hayakunihusu. Jina lake pia naliacha, wenye kulijua wanalijua. Sisi kule kisiwani Maparoni tulimwita Karani, na yeye aliitika.

Enzi za Mwingereza mikoko ilikuwa mali ya serikali. Kila boriti iliyokatwa ilihesabiwa kwanza, ishirini ishirini, na kila ishirini ni korija moja, ndipo ipakiwe. Kazi ya Karani ilikuwa kusimama topeni na kuhesabu korija za wakataji, mume wangu mmoja wao. Alikuja na koti la kaki, kalamu ya risasi sikioni, na viatu vimefungwa kamba vikining'inia shingoni, maana kwetu viatu huvaliwa pakavu. Mke hakuwa naye. Mume wangu akamwambia, karani, kula kwetu. Akala kwetu siku ile na nyingine zote zilizofuata. Akaniita shemeji, watoto wangu wakamwita ami.

Kichwa cha samaki alikipenda kuliko mwili. Pweza hakula, alisema kiumbe mwenye mikono mingi namna ile na hana kazi anamkumbusha ofisi ya serikali kule Utete. Alikuwa na ulimi, siwezi kumnyima hilo. Na alipomaliza kazi ya serikali aliandika kazi yake mwenyewe. Hadithi. Alizipeleka Dar es Salaam kwenye gazeti, na gazeti lilipomrudia kwa jahazi la boriti alilifungua barazani kwa Mwarabu wa duka na kuwasomea watu.

Yule Mwarabu alikuwa na santuri, kile kinanda cha kuzungusha mkono. Vijana walikizunguka tangu alasiri, macho yamewalegea kwa mwimbaji. Karani alisimama nyuma yao akatikisa kichwa.

"Anamlilia mwanamke," alisema, "sahani nzima anamlilia. Sasa niambieni, mwanamke huyo anapika nini? Ana dada? Anakoroma? Hamjui. Na yeye hajui. Huyu analilia leso."

"Karani, wewe huna mapenzi," vijana wakamjibu.

"Ninayo. Ila yangu yana anwani."

Dansi nayo ilimkera. Walikuja siku moja vijana wa Dar es Salaam, suruali pana, gita moja lenye nyuzi pungufu, wakafundisha watu kucheza wameshikana mume na mke. Wazee wakakasirika. Karani hakukasirika, alitazama tu, kisha akasema: "Mbona ndivyo tunavyovuka tope la mto siku zote? Tena sisi tukifika ng'ambo tunaachana." Na wale wa ngoma ya beni waliovaa kofia za kiaskari na kupigiana saluti, aliwaita mashahidi wa uongo. Lakini nilimwona kwa macho yangu, siku ya beni, mguu wake chini ya meza unapiga mdundo. Nilipomtazama mguu, akauficha.

Ndivyo alivyokuwa. Alichokisema na alichokifanya havikukaa chumba kimoja. Aliwachukia wambea, akasema mtu anayebeba maneno ya nyumba ya watu ni fisi mwenye kanzu. Akimkuta mwanamke anasimulia ya jirani, hukohoa mpaka anyamaze. Na mimi nilimwamini kwa hilo.

Kusoma mbele za watu alikupenda, akakulalamikia. Alikuwa akiniambia huku anachambua miiba: "Shemeji, anayekohoa anataka hadithi iishe. Anayelala ameridhika. Wa kumwogopa ni yule anayekubali kwa kichwa kabla hujalisema neno." Na watu wetu hawakumwachia asome kimya kimya. Kwetu mtu akizungumza unamwitikia, hukai kama kisiki. Akisoma "akaingia nyumbani," mmoja anauliza, "Alibisha hodi?" Akisoma "akamposa," wanataka kujua nani alikuwa mshenga. Mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, alimsimamisha katikati: "Karani, huyo mtu wako amepanda mtumbwi Mtunda kavu kavu akashukia baharini. Amepita mto gani?" Karani akafuta, akampitisha mto. Kisha akaja kwangu kunung'unika kwamba Dar es Salaam wanasoma hadithi, Maparoni wanaikagua.

Kuna kisa ambacho lazima niwasimulie, maana mwalimu wenu hakijui. Siye tulizoea kwamba kinachosomwa kwenye karatasi mbele ya watu ni kweli. Khutba ni kweli, tangazo la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ni kweli, hata kama ni baya. Karani akasoma hadithi ya seremala kijana aliyechukuliwa na mamba akiwa anampelekea mchumba wake kitanda. Aliisoma vizuri, wanawake wakalia. Mmoja wao akaondoka kabla haijaisha, akaenda shambani kwake.

Sasa mjue mashamba yetu ya mpunga yalivyokuwa. Mpunga ukianza kukomaa tulihamia huko, tukakaa juu ya madungu, vibanda vya juu ya nguzo, maana chini maji, nguruwe na viboko. Kutwa nzima mwanamke yuko juu ya dungu lake anafukuza ndege. Na jambo likitokea, hutembei, unapiga ukelele kwa dungu la pili, nalo linapeleka la tatu. Yule mwanamke akapiga ukelele: seremala amekwenda na mamba! Kabla ya alasiri habari imevuka mito. Watu wakaja kwa mitumbwi kutoka visiwa vyote, vichwa wamefunika kanga, wamebeba mchele, kuni na nazi, wanauliza matanga yako wapi.

Wakaelekezwa kwa Karani. Akatoka amechanganyikiwa.

"Marehemu ni mtoto wa nani?" akaulizwa.

"Ni... ni wangu," akasema, akimaanisha amemtunga.

Wee! Wakamshika mkono mmoja mmoja. Pole, baba. Mola akupe subira. Hatukujua kama ulikuwa na kijana. Alipopata nafasi ya kueleza, bibi mmoja wa Kindengereko akamkatiza: mchele wa matanga haurudi nyumbani, utaleta kifo kingine. Basi ukapikwa. Mwalimu wa chuo akasoma Fatiha, akawakusudia wafu wote wa Kiislamu ili asimdanganye Mungu, tukala. Karani naye alikula. Jioni akaniambia, "Shemeji, wenzangu wa Dar es Salaam wanapewa sifa. Nani kati yao ameliliwa na watu waliobeba kuni?" Alijisifu kwa kuni zile muda mrefu sana. Mie nilicheka naye. Laiti ningejua nilichokuwa nikikicheka.

Nilikuwa na mdogo wangu, Mwajuma. Tuliachwa wawili na mama yetu. Aliolewa Mtunda, na mume akawa mtu wa kupiga. Si kofi, maana kofi wazee wetu walilisamehe, vibaya walifanya. Huyu alimpiga kwa mpini. Mwajuma akamtoroka na mkono uliovunjika, akashuka mto ndani ya mtumbwi wa wauza vyungu, akanifikia Maparoni. Mjomba wetu, ambaye ndiye angesimama naye kwa kadhi kudai talaka, alikuwa Mafia na hajarudi. Tukakubaliana akae dunguni kwangu, ndani ya mpunga, mpaka mjomba afike. Akishafika, hakuna wa kumgusa.

Waliojua ni mimi, mume wangu, na Karani, kwa sababu alikuwa anakula pale na huwezi kumficha mtu mkono uliofungwa banzi. Alimtazama Mwajuma, akanawa, akakaa kwenye mkeka. Akasema, "Mimi sikuona kitu." Nikamwongezea samaki.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ninyi mnanunua mchele dukani. Kila mwanamke ana sauti yake ya kufukuzia ndege. Hafundishwi, humtoka kooni tu tangu usichana, na akiwa nayo hawezi kuibadilisha, kama asivyoweza kubadilisha mwendo wake. Ukiwa mbali huoni mtu, unasikia tu, huyu bi fulani, huyu bi fulani. Ya Mwajuma ilianza chini, nzito, "hooo-ya, hooo-ya," kisha ikapanda na kuvunjika juu mara mbili kama mtu aliyeshtukia anacheka. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nilimwambia asitoe uso, ajifunike, asishuke mchana. Kunyamaza sikumwambia. Mpunga usiopigiwa kelele ndege wanaumaliza, na dungu lililo kimya wakati wa mavuno ndilo ambalo watu wangelijia kuuliza kuna nini. Na Mtunda ni mbali. Masikio ya Mtunda hayafiki Maparoni.

Karani alikuwa akipita na mtumbwi kwenda kwenye mikoko. Wakati mwingine nilimwona ameacha kupiga kasia, amekaa tu, anasikiliza. Nikadhani anapumzika.

Sinema ya serikali ikaja Kibiti. Gari lenye mashine na shuka kubwa jeupe. Watu walitoka kila upande, wa mtoni na wa barabarani, na sisi tukaenda, mume wangu alikuwa na boriti za kupeleka huko. Mwajuma tukamwacha na jirani wa dungu la pili amtazame, tukamwambia ni mgeni wetu tu. Jua lilipozama wakawasha. Akatokea kwenye shuka mtu mzima anatembea, bibi mmoja mbele yangu akafoka: "Anaingia mbele za watu hatoi salamu!" Karani alikuwepo, amevaa viatu. Yule mtu wa kwenye shuka akaanza kuchimba choo, akachimba, akachimba. Karani akasema kwa sauti ya kusikika, "Moto wote huo wa umeme wametoka nao Dar es Salaam kuja kutuambia tukanye shimoni." Watu wakacheka mpaka yule bwana wa mashine akageuka.

Mashine ikafa. Ikatoa moshi, shuka likabaki jeupe. Watu wakaanza zogo, vijana wakapiga miluzi. Jumbe akaona aibu mbele ya wageni wa serikali, akaita, "Karani! Huna kitu hapo uwatulize watu?"

Alikuwa nacho. Alikuwa nacho mfukoni siku zote. Wakamletea taa ya karabai, akasimama mbele ya lile shuka, kivuli chake kikubwa nyuma yake. Mtu aliyeicheka sinema punde tu sasa amepewa watu wa sinema. Nilimwona anavyofurahi.

Akasoma. Mwanamke amemkimbia mume, amejificha ndani ya mpunga, kule Kilwa. Jina lingine. Mkono haukuvunjika, ni mguu. Nikajipa moyo, Kilwa ni Kilwa. Kisha akafika mahali alipoandika kwamba kila asubuhi mwanamke yule alifukuza ndege, akainua uso kutoka kwenye karatasi, akaweka kiganja mdomoni, akaitoa. "Hooo-ya, hooo-ya." Akaipandisha. Akaivunja juu mara mbili.

Hakukosea hata kidogo. Nilimsikia mdogo wangu anatoka kinywani mwa mwanamume mbele ya Kibiti nzima.

Watu wakapiga makofi. "Rudia, Karani! Rudia!" Akarudia.

Nilimngoja aliposhuka. Watu wamemzunguka, nikamvuta koti.

"Karani, umefanya nini?"

"Shemeji, umeona walivyonyamaza?"

"Umefanya nini, nakuuliza!"

Akashusha sauti. "Nimebadilisha jina. Nimebadilisha mji, nimebadilisha mpaka mguu. Unataka nini zaidi?"

"Na sauti?"

"Sauti haina jina," akasema. "Na ningeiweka nini mahali pake? Nilijaribu nyingine. Zote zilikuwa mbovu."

Nikamwambia mume wangu tuondoke. Tukafika mtoni maji yamekupwa, mtumbwi umekaa juu ya tope kama maiti, hakuna wa kushindana na bahari. Tukangoja yajae. Mume wa Mwajuma hakungoja. Alikuwepo pale Kibiti, upande wa wanaume, amekuja kutazama sinema kama watu wote. Sauti ile alikuwa ameishi nayo misimu mingi shambani kwake Mtunda. Hakuhitaji kuambiwa ni kisiwa gani. Alijua Karani anafanya kazi wapi, na mpunga ulikuwa unakomaa. Alipita njia ya juu kwa miguu, akavushwa na wavuvi, asubuhi yuko mashambani.

Jirani wa dungu la pili alinisimulia. Alimwona mwanamume amesimama kwenye tuta la mpunga, ameinama kidogo, kiganja nyuma ya sikio. Wanawake wote wanapiga kelele zao, yeye hatikisiki. Mwajuma naye, masikini, hajui hili wala lile, akaamka akawafukuza ndege. Yule mtu akanyooka, akatembea moja kwa moja kama anayeitwa.

Tulifika dungu tupu. Tulikwenda kwa jumbe, akasema mke wa mtu ni mke wa mtu mpaka kadhi aseme vingine. Na kabla mjomba hajatoka Mafia, mume alishamhamisha, akampeleka Ngarambe kwa ndugu zake, mbali, kwenye mapori ya tembo. Kutoka huko ikanijia salamu kwa mdomo wa mrina asali: "Mwambie dada, nimeambiwa sauti yangu ilisikika Kibiti, na aliyenitoa nimemjua. Sauti yangu alikuwa anaijua yeye peke yake."

Alidhani ni mimi.

Nilimwendea Karani. Sikumtukana. Nilisema, shemeji, twende Ngarambe. Usiombe radhi kama hutaki. Sema tu mbele yake kwamba ni wewe uliyeitoa, ulisoma Kibiti, watu wakapiga makofi. Basi. Akikusikia unaitoa atajua.

Alichora chora mezani kwa ukucha. "Nikianza kueleza hadithi, shemeji, hadithi imekufa."

"Na Mwajuma je?"

"Iko siku atasomewa. Atajua mwenyewe."

"Mwajuma anaishi kwa watu wasio na gazeti."

Akasema yule mume ana panga. Hapo ndipo aliposema kweli, na ilikuwa mara moja tu. Kesho yake hakuja kula, na keshokutwa pia, na kabla mwezi haujaandama akaomba uhamisho. Kumbe ile hadithi ndiyo iliyompatia jina. Ilichapishwa, ikasifiwa, ndiyo hiyo hiyo mnayosomeshwa.

Ngarambe nilikwenda mwenyewe. Mwajuma alitoka mlangoni na mtoto mgongoni, akanitazama, akamgeukia wifi yake: "Mtilieni mgeni maji." Neno dada hakulitamka. Nililala usiku mmoja kama mgeni, nikaapa mbele yake, akasikiliza kama unavyosikiliza mvua. Baada ya masika mawili homa ikamchukua. Alikwenda na lile neno kaburini, kwamba ni mimi niliyemtoa.

Karani nilimwona tena mara moja. Bendera ilikuwa bado ya Mwingereza, lakini watu walishaanza kusema kwa sauti kwamba itashuka. Tulikuwa tumehamia Kibiti barabarani, magoti ya mume wangu yalikataa tope. Nikamwona mzee anashuka kwenye gari, koti zuri, miwani, viatu miguuni. Akapiga hodi vizuri. Mume wangu alikuwa msikitini. Nikamkaribisha, kwa sababu nyumba yangu haifukuzi.

Akazungumza habari za redio, akasema siku hizi mtu anaweza kuimba uongo akiwa Dar es Salaam na ukasikika Kibiti saa ile ile, maendeleo makubwa hayo. Sikucheka. Akafuta miwani.

"Shemeji, wanataka kuzikusanya hadithi zangu ziwe kitabu. Ile ya mpunga wanaitaka iwe ya kwanza. Ila haina mwisho. Kila ninapoisoma watu wananiuliza, yule mwanamke iliishaje?" Akanisogelea. "Iliishaje?"

Nikamuuliza, "Ukiambiwa, utaandika kwamba karani aliyesoma Kibiti ndiye aliyemtoa?"

Akatabasamu, lile lile tabasamu la kichwa cha samaki. "Shemeji, wasomaji hawataki kumjua karani."

Nikamtazama. Nikaona kalamu imeshatoka sikioni, iko mkononi. Wake za wanangu walikuwa uani wanatwanga na kuimba, mjukuu mmoja anachekeshwa, na yeye sikio lake limeshageukia huko, kichwa kimeinama kidogo.

Nikainuka, nikatoka uani, nikawanyamazisha wote kwa mkono. Nikawaambia: "Mchinjieni jogoo, mpikieni wali wa nazi, mpeni maji ya kuoga na mkeka mpya. Ni mgeni, asitoke hapa na njaa. Lakini kuanzia sasa mpaka gari lake liondoke, mtu wa nyumba hii asifungue mdomo huyu akasikia. Asiimbe, asicheke, asimbembeleze mtoto. Na kuku wakipanda kwenye mpunga ulioanikwa, wafukuzeni kwa fimbo."